Mbegu Juu ya Moshi

Mume wangu Frednand hakuwahi kunipiga. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mwanamke amerudi kwao, humtazama kwanza mashavuni, wakitafuta alama. Frednand alinyamaza tu. Tuliishi Nyarubungo, nami nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya shirika moja la kuhudumia wakimbizi, pale Biharamulo mjini. Aliponitaka niache kazi nikakataa, aliacha kusema nami, na kila alipokuwa na neno alilipitisha kwa mbwa. "Simba, mwambie mama yako chumvi imezidi." "Simba, mwambie kesho nakwenda Kaniha." Mwanzoni nilicheka. Lakini mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, na mbwa yule akawa anajua habari za ndoa yangu kuliko padri aliyetufungisha. Siku niliyojikuta namjibu mbwa ndiyo siku niliyokunja nguo zangu. Niliomba uhamisho kwenye ofisi yetu ya Ngara, nikarudi Kanazi kwa mama.

Mama yangu, Deodata, si mtu wa maneno mengi. Alinipokea begi, akauliza kama nimekula, akanionyesha kitanda changu cha zamani. Hakuuliza kitu kingine, si siku ile wala baadaye. Mimi niliyekuwa nimetoka kwenye nyumba ya kimya nilikichukia na kimya chake pia. Nilidhani kimya chote ni cha aina moja.

Miaka ile ilikuwa ya kufunga mambo. Warundi wa kambi ya Lukole walikuwa wanarudi kwao, lori baada ya lori, na magodoro, na kuku, na milango ya nyumba walizozibomoa wenyewe. Kazi ya wakimbizi ndivyo ilivyo: ukiifanya vizuri, inakwisha. Madereva, walinzi, wapishi na makarani wa Ngara, watu waliokuwa wamezoea mshahara tangu wakimbizi wa kwanza walipovuka mpaka, sasa walikaa na sahani zao za mchana wakiulizana nani atafanya nini. Wengine walitaja pikipiki, wengine ng'ombe. Mimi nilichojua ni kupiga chapa. Shule za kata yetu zilikuwa zinaandika mitihani ubaoni kwa chaki, na mtu aliyetaka barua ya kuombea kazi alisafiri mpaka mjini na kurudi na makosa. Nilihitaji kompyuta yangu mwenyewe, niiweke kwenye chumba cha mbele cha mama, nifanye kazi, nisiwe mzigo wa mtu.

Kompyuta nzima za ofisi zilifungashwa zikapelekwa kwingine. Mbovu zilirundikwa kwenye kontena nyuma ya jengo, na mkuu wetu akatangaza kwamba mfanyakazi anayetaka kipande achukue. Wenzangu walichukua makasha ya chuma wakaenda kutotolea vifaranga. Mimi nilimwendea Havyarimana.

Havyarimana alikuwa mkimbizi wa Lukole na fundi wa mashine za ofisi, mtu mwembamba aliyeanza kusomea umeme Bujumbura kabla vita haijamtoa darasani. Nilipomwambia nataka kujitengenezea kompyuta alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka. Alinieleza kwamba kompyuta haifi yote kwa pamoja. Hii imekufa feni, ile imeungua sehemu ya kupokelea umeme, nyingine imepoteza diski yake ya kuhifadhia mambo. Anayejua kuchagua atatoa moja nzima kwenye rundo la maiti. Tukaanza kuchagua. Kila tulipotoka kazini tulifungua makasha, yeye akipima, mimi nikipangusa na kupanga. Haba na haba, nilikuwa nabeba kipande kimoja kimoja mpaka Kanazi, na mama alikuwa anavipokea na kuviweka chini ya kitanda changu bila kuuliza ni nini.

Kigumu kupatikana kilikuwa ule ubao mkubwa wa kijani ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Mafundi huuita mazabodi. Karibu zote zilikuwa zimeungua au zimepasuka. Ilipatikana moja tu iliyokubali, na siku aliponikabidhi Havyarimana aliishika kwa kingo zake kama mtu anayepokezana mtoto mchanga aliyelala.

Alinifundisha na adabu zake. Kabla ya kushika chochote gusa chuma, umeme wa mwilini mwako utoke. Kijiti cha kumbukumbu, kile kibao chembamba chenye meno kinachochomekwa juu ya mazabodi, kisukume mpaka vishikizo vyake vilie pande zote mbili. Usilazimishe, kwa sababu kila kitu kina upande wake, na kikikataa kuingia ujue umekigeuza. Meno ya kijiti yakichafuka yafute kwa raba ya penseli na spiriti. "Ukiiwasha," aliniambia, "ikitoa mlio mmoja mfupi, imekubali. Ikilia mara nyingi ina malalamiko, na mwenye malalamiko huponyeka. Ikinyamaza kabisa, hapo ndipo uogope."

Nikamwambia wa kunyamaza nawajua, nimekaa nao nyumba moja.

Aliondoka na msafara kabla hatujaunganisha kitu. Alinipa bisibisi yake, akasema ubao ule ameupima mwenyewe na ni mzima, kwa hiyo usipowaka kosa si lake. Mafundi ndivyo wanavyoaga. Nilisimama barabarani nikitazama lori lao likishuka, na nikaona vibaya kwamba kurudi kwake kwao, jambo aliloliombea ujana wake wote, kwangu mimi kulikuwa hasara.

Hapo ndipo baba mdogo Ildefonce alipokuja na habari. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, na tangu baba afariki ndiye msemaji wetu. Ni mtu wa haki, isipokuwa anapokuwa na kiu. Alisema wazee wa Frednand wameleta ujumbe kwamba watakuja kunichukua mwisho wa mwezi, nao watakuja na pombe.

Kwetu mke aliyerudi kwao hafuatwi kwa mikono mitupu. Wazee wa mume huja na mtungi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na huuweka katikati ya nyumba ukiwa umefunikwa. Wanazungumza. Wazee wa mke wakikubali, mtungi hufunguliwa, mirija huchomekwa, wote huinama na kuvuta kutoka kwenye mtungi mmoja, na mambo yamekwisha. Mke hufunga mzigo wake. Hakuna mtu aliyewahi kuinamia mtungi ule kisha akadai binti abaki.

Nilimwambia baba mdogo kwamba sirudi, nina kazi. Akaniuliza kazi gani, na ofisi inafungwa. Nikamwonyesha vipande vyangu chini ya kitanda. Alivitazama muda mrefu, akachukua feni, akaipuliza ikazunguka.

"Sikiliza, Scolastica," alisema. "Siku watakayokuja, kama lidude hili linafanya kazi, nitawaambia binti yetu ana shughuli zake na wataondoka na mtungi wao. Kama halifanyi kazi, utaondoka nao. Siwezi kuwaambia wakwe kwamba unabaki kwa sababu ya vyuma chini ya kitanda."

Nilikubali. Ilikuwa haki, na sikuwa na shaka na ubao wangu.

Kilichobaki ni kwamba ofisi ilinitaka Ngara mjini kwa majuma ya mwisho, kufunga mafaili na kuandika orodha za viti. Ningelala huko huko na kurudi siku moja kabla ya wakwe. Mvua zilikuwa zimeanza, na bati la chumba changu lina matundu tuliyoyazoea. Nikamkabidhi mama ule ubao wa kijani, pamoja na kijiti chake cha kumbukumbu, kwenye mfuko wa karatasi. Nikamwambia vingine vyote vikipotea nitahangaika nipate vingine, lakini hiki hakipatikani tena. Adui zake ni unyevu na wadudu. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akauliza kama panya nao wanaula. Nikasema sijui, labda. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kazi yake.

Sasa lazima nieleze jiko la mama. Ni kijumba cha peke yake nyuma ya nyumba, na juu ya mafiga kuna dari ya fito. Huko ndiko mama anakoweka mbegu: mahindi yakiwa na maganda yake, maharage yakiwa yamefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Moshi unayapitia kila siku, mwaka mzima. Bungua haingii, ukungu haushiki. Mbegu za mama hazijawahi kumtupa, na mwaka wa shida nusu ya kitongoji huja kwake.

Wakimbizi wa kwanza walipopita mashambani mwetu, nami ni msichana, mama aliwapikia wote bila kuchagua. Lakini mtu akiomba mbegu, alimuuliza kwanza, "Unakaa au unapita?" Aliyesema anapita alipewa viazi vilivyochemshwa, vya njiani. Aliyesema anakaa, mama alipanda ngazi, akamshushia kifurushi kutoka darini. Niliona ni ukali. Mama aliona ni kuheshimu mbegu.

Niliporudi kutoka Ngara nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeongea na Nshoma, jirani yetu mwenye kibanda cha video, akakubali kunivutia waya kutoka kwenye jenereta lake, kupitia migombani mpaka dirishani kwetu. Meza ilikuwa tayari. Nilitoa kasha, feni, diski, kioo na kibodi, nikamwomba mama ubao wangu.

Akaenda jikoni. Nilisikia ngazi ikigonga ukuta. Hata hapo sikuelewa. Akarudi na kifurushi kizuri cha majani makavu ya mgomba, kilichokazwa kwa kamba ya mgomba na kufungwa fundo lake la mbegu, akakiweka mezani na kurudi nyuma hatua moja, akisubiri nikifungue.

Ubao haukuwa wa kijani tena. Ulikuwa na rangi ya chini ya sufuria. Moshi ulikuwa umepita ndani ya majani siku zote zile, ukaacha masizi yenye mafuta mafuta kwenye kila tundu na kila jino. Ulinuka jiko. Nilipougusa, kidole kilinata.

"Hakuna mdudu hata mmoja," mama alisema. "Na ni mkavu. Shika uone."

Niliufuta kwa kanga kadiri nilivyoweza, nikaunganisha kila kitu, nikampigia Nshoma kelele awashe. Feni ilizunguka. Nikasubiri mlio. Feni ikaendelea kuzunguka, kioo kikabaki cheusi, na hapakuwa na sauti nyingine. Nilizima, nikachomoa kijiti, nikachomeka, nikawasha. Kimya. Kimya kile nilikifahamu mpaka ladha yake.

Hasira yangu ni ya ukoo wa baba, inakuja yote kwa pamoja. Nilimwambia mama kwamba nimeona. Kwamba kama alitaka nirudi Nyarubungo angesema tu, alikuwa na mdomo, angesema siku ya kwanza aliponipokea begi. Kwamba amenichoka na hakuwa na ujasiri wa kuniambia, akanipikia mashine yangu kama ndizi za kukausha.

Mama alitazama mikono yake. Akasema, "Basi," akatoka kwenda kuchambua maharage.

Nilizunguka Kanazi nzima kutafuta spiriti. Raba ya penseli nilipata, kila nyumba ina mwanafunzi. Spiriti haikuwepo. Zahanati ilikuwa imeishiwa, na duka la dawa lililo karibu liko mjini. Kuna pombe kali ya kienyeji ambayo ingefaa, ile ya kuchemsha, lakini imekatazwa na serikali, na waliokuwa wakiipika kitongojini kwetu waliacha miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mama yangu mwenyewe. Akiwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango alipita nyumba kwa nyumba mpaka mitambo yao ikavunjwa. Nilirudi nikiwa nimelowa, nikamkuta jikoni. Nilimwambia ukutani, bila kumtazama, kwamba palihitajika spiriti na haipo. Aliendelea kuchochea moto. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshindwa, na nilikuwa na hofu, hofu ya kweli, ya kurudi kwenye nyumba ambako hata mbwa alikuwa ananionea huruma.

Wakwe walifika kabla ya mchana, kwa pikapu. Frednand alikuwa amekonda. Aliyeongoza alikuwa baba yake mkubwa, mzee Danstan, mcheshi mwenye koti refu, mtu ambaye nilimpenda na bado nampenda. Nikapiga magoti nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza hali kama vile nimekuja kumtembelea yeye. Mtungi uliingizwa ukawekwa katikati, umefunikwa kwa jani la mgomba, mirija imelala juu yake. Baba mdogo Ildefonce aliutazama, akameza mate, akatazama kwingine.

Kisha mzee Danstan alitoa ndani ya koti chupa iliyoviringishwa gazeti. Kwa desturi hiyo huitwa chupa ya mama, ya kumfuta machozi mama wa binti. Mama huipokea, huonja, huirudisha kwa wanaume, na hapo ndipo mtungi unaweza kufunguliwa. Chupa isiporudi, mtungi haufunguliwi. Ilikuwa pombe ya kuchemsha, safi kama maji, waliyoivusha mbele ya polisi tangu Biharamulo. Wote tulijua mama hatainywa. Kwa kawaida angeigusisha tu midomo na kuirudisha, na ndivyo kila mtu pale alivyotarajia.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakuigusisha midomo.

"Hii ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, mama."

"Niitumie nipendavyo?"

Mzee Danstan akacheka. "Hata ukitaka kunawia miguu, ni yako."

Mama akashukuru, akasimama, akatoka nayo. Wanaume walitazamana. Nilimfuata jikoni nikidhani anakwenda kuimwaga, maana ndivyo alivyozoea kuifanyia pombe ya namna ile. Alikuwa amechutama karibu na mafiga. Alimimina tone kwenye kifuniko cha sufuria, akawasha kiberiti, akasogeza. Mwali wa bluu ukatambaa juu ya kifuniko.

"Ya muuguzi nayo huwaka hivi?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi kasafishe. Mimi nitawapa chakula, na chakula changu leo kitachelewa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilichomoa ubao, nikaenda nao nyuma ya jiko. Nilichana shati kuukuu, nikang'oa unyoya kwenye bawa la jogoo wa mama, aliyenilaani sana, nikaanza. Kwenye bapa nilifuta kwa kitambaa, kwenye matundu nilipitisha unyoya uliochovywa, na meno ya kijiti nilisugua kwa raba kisha kwa pombe mpaka rangi yake ya dhahabu ikarudi. Maji ya kahawia yalitiririka, yakinuka moshi na ndizi mbivu. Pombe waliyoileta ili nirudi ilikuwa inaondoa uchafu uliokuwa unanirudisha, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake nilijisikia kucheka. Mvua ilikuwa imekatika na jua kali la baada ya mvua limetoka. Niliuweka ubao kwenye ungo wa mama, juu ya paa la banda la mbuzi, nikamsimamia kunguru asije akautaka.

Ndani mambo yalikuwa magumu. Mama aliwapa maji ya kunawa, kisha akaenda kuangalia moto. Akaleta chumvi. Akaenda kuangalia moto tena. Chupa haikurudi, na bila chupa hakuna wa kugusa mtungi. Nilipopita mlangoni nilimsikia baba mdogo akiwasimulia wakwe habari za mnyauko wa migomba, sauti imemkauka, macho yako kwenye mirija.

Ubao ulipokauka niliurudisha chumba cha mbele, mbele ya macho yao wote, nikaugusa mguu wa meza wa chuma kama nilivyofundishwa. Nikafunga skrubu kwa bisibisi ya Havyarimana. Nikasukuma kijiti mpaka vishikizo vikalia. Nilimwita Nshoma dirishani, jenereta likakohoa, nikabonyeza.

Feni ilizunguka. Halafu ukaja mlio mmoja, mfupi, mdogo kuliko wa kifaranga.

Herufi nyeupe zilijitokeza kwenye kioo cheusi, zikafuatwa na namba zinazopanda. Mashine ilikuwa inahesabu kumbukumbu yake.

Baba mdogo alisimama. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya mtu anayejitenga na kitu anachokipenda. Alisema aliahidi neno mbele ya binti yake, na neno limetimia. Binti ana shughuli zake hapa. Wazee wasamehe, wachukue mtungi wao.

Mzee Danstan hakukasirika, lakini hakuwa mtu wa kuondoka bila kujaribu. Alisema chupa ya mama imefunguliwa, anaisikia harufu, na chupa ikifunguliwa neno limekubaliwa. Mama aliingia na chupa ikiwa na nusu yake, akaiweka karibu na mtungi.

"Imefunguliwa," alisema, "lakini haikunywewa. Uliniruhusu kunawia, nami nimenawisha."

Mzee Danstan alimtazama mama, akatazama chupa, akaitazama mashine na unyoya wa jogoo uliobaki mezani. Akaanza kucheka, na alicheka mpaka akafuta macho kwa gazeti la ile chupa. Alisema wameshindwa, na wameshindwa kwa silaha yao wenyewe.

Walipokuwa wanatoa mtungi, Frednand alibaki nyuma. Alikuja akasimama karibu na meza, akitazama kioo.

"Scolastica," alisema. "Unaweza kuja nayo. Nitakujengea chumba chake, upige chapa kule kule."

Lilikuwa jina langu, kutoka kinywani mwake, likiletwa kwangu moja kwa moja. Nilitikisika. Kama angelisema mwaka mmoja nyuma ningelala kifuani pake na kulia. Nikamuuliza, "Na ukiwa na neno, utaniambia mimi au utamwambia Simba?"

Aliinama. "Simba alikufa," alisema.

Nilimhurumia, tena sana. Nilimwona kwenye ile nyumba ya Nyarubungo, mtu mzima asiyejua kuanza sentensi, na yule aliyekuwa akimbebea maneno amezikwa nyuma ya choo. Lakini huruma si nyumba ya kuishi. Nilimwambia pole, na nilimaanisha, nikamsindikiza mpaka kwenye pikapu kama mgeni mwingine yeyote. Aliniaga yeye mwenyewe, kwa sauti yake.

Pikapu lilipopotea nilikwenda jikoni. Mama alikuwa juu ya ngazi, anapanga upya vifurushi vyake, anaziba nafasi ambapo ubao wangu ulikuwa umekaa, kati ya mahindi meupe na maharage ya soya njano. Nilisimama chini nikiwa nimeshika ungo. Nilitaka kumwambia kuhusu maneno ya jana, na sikujua nianzie wapi, na nikaona kwamba ugonjwa wa Frednand si wake peke yake.

"Mama," nilisema. "Jana nilisema ulitaka niondoke."

Hakugeuka. Alikaza fundo kwanza.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu, "vitu vya mpita njia siviweki juu ya moto."

Kisha akanyoosha mkono chini, akataka nimpe ungo wake, kwa sababu maharage yalikuwa bado hayajapepetwa.